Nafasi ya Sita Mlimani Kahuzi

Bagira, 18 Septemba 1982

Mvua imeanza. Mchana jua lilikuwa bado juu ya ziwa, mara mabati yakaanza kulia, na dada yangu Agnès akatoka mbio kuokota mihogo aliyoianika uani. Mimi nilitoka nikarudi, nikatoka tena, bila kumsaidia kitu. Alipoingia na ungo kichwani alinitazama, akasema, "Emérence, ikala basi. Unazunguka kama kuku yenye kutafuta fasi ya kutagia."

Ni kweli, nazunguka. Nilidhani nikiacha ualimu nitatulia. Papa Gaston, aliyekuwa akifundisha jiografia shuleni kwetu, aliacha kabla yangu, akafungua biro ndogo ya safari kule mjini: chumba kimoja, dirisha moja, ramani ya Zaïre ukutani. Anapeleka wageni kuona gorila kwenye msitu wa Kahuzi, na wenye mapafu mazuri anawapandisha mpaka kileleni. Mimi ndiye ninayewaongoza na kuwatafsiria. Ana sheria zake na anazisema kama Baba Yetu: watu sita, saba hapana, mwenye kukohoa anabaki chini, kwa sababu kikohozi chetu kinaweza kumuua gorila, hakuna kelele, hakuna kuacha msituni hata ganda la ndizi. Nilimpenda kwa sheria hizo. Nilifikiri: huyu ni mtu anayejua kuingia nyumbani mwa wengine.

Nitakuwa naandika humu majira haya ya mvua, mikono ipate kutulia, kwa kuwa miguu imekataa.

21 Septemba

Mvua. Barabara ya kwenda Miti, njia yetu ya mlimani, imekatika. Hakuna safari.

25 Septemba

Bado. Nimepiga pasi nguo ambazo hazikuhitaji pasi.

29 Septemba

Leo tumepanda. Wageni wanne: mtu na mkewe kutoka Ubelgiji, na madaktari wawili wa Kiitaliano wanaofanya kazi Rwanda. Théodore alitangulia na panga lake kama kawaida. Yeye ndiye anayefuata nyayo. Anatazama jani lililokunjwa, anagusa mavi kwa ncha ya panga, anageuka kushoto bila kusema neno. Ni Mutwa, wa watu wale wafupi wanaojulikana kwa uwindaji, umri wake kama wangu. Ananiita Citoyenne, mwananchi, kama serikali inavyotaka tuitane, hata tukiwa wawili tu, na jina hilo analitamka kama anayerudisha chenji.

Mvua ndiyo inayotoa machipukizi ya mianzi, na gorila huyafuata. Tuliwakuta wamekaa humo kama watu wa harusi, wanamenya na kutafuna. Dume mwenye mgongo mweupe alitutazama mara moja, kisha akatupa kisogo. Mke wa Mbelgiji alilia kimyakimya. Nami huwa nalia kidogo, ila kwa ndani.

Jambo moja. Wakati wa kuwatafuta, nyayo zilikuwa zinashuka moja kwa moja kuelekea kijito kilicho chini ya bwawa. Hata mimi niliziona. Théodore alisimama, akatuzungusha kwa juu, kwenye upupu na matope, karibu saa nzima. Nilimuuliza kwa nini.

"Ile njia iko mubaya," akasema.

Haikuwa mbaya. Nilidhani anatuchosha makusudi kwa sababu anayeongoza ni mwanamke.

2 Oktoba

Salongo, kazi ya lazima ya serikali. Tumezibua mitaro ya Bagira tangu asubuhi, mvua ikaijaza tena kabla hatujanawa miguu.

7 Oktoba

Leo mgeni mmoja, mwalimu mzee kutoka Liège, aliniuliza tukiwa tumepumzika juu ya mti ulioanguka: "Zamani nani alikuwa anaishi huku?"

Nikajibu kama Papa Gaston alivyonifundisha, bila hata kufikiri. Nikasema, "Hakuna. Msitu huu tangu zamani ni wa wanyama."

Théodore alikuwa amechuchumaa hatua chache mbele, ananoa panga kwenye jiwe. Anaelewa Kifaransa zaidi ya anavyoonyesha. Sauti ya panga ilikoma. Kisha ikaendelea.

Tulifika kituo cha walinzi wa msitu, wageni wakaingia kwenye Land Rover ya Papa Gaston. Hapo Théodore akanijia karibu.

"Citoyenne, ile njia yenye mi nakataa kupita, chini ya bwawa. Tulikuwaka tunaikala pale. Mama yangu alinizalia pale. Dada yangu alizikwa pale. Siku moja batu ba serikali balikuya, banasema musitu sasa iko ya nyama, mutoke. Nilikuwa kijana, nimeanza kuota ndevu."

Nikasema, "Sikujua."

"Sasa unajua," akasema, akaondoka kwa miguu.

8 Oktoba

Sijalala vizuri. Nilimwambia Agnès. Aliendelea kukaanga sambaza, dagaa wa ziwani, akasema, "Kila mutu anajua ile mambo, Emérence. Hakuna mwenye anauliza, njo vile."

14 Oktoba

Nilimwomba Théodore anipeleke kwa mama yake. Alikataa. Nikaenda mwenyewe, nikiuliza njia kwa wanawake wanaochuma chai. Wanaishi pembezoni mwa mashamba, chini kabisa ya mlima, kwenye vibanda vya majani vilivyobanana kwenye ardhi ya mwenye chai. Kutoka mlangoni unauona msitu wote, karibu kiasi cha kusikia ndege wake.

Maman Nsimire ni mwanamke mdogo wa umbo, mwenye mabega mapana. Alikuwa akifinyanga chungu, hakuacha kazi kwa ajili yangu. Nilimwambia ninafanya kazi na mwanawe. Akasema Théodore huwa haongei habari za kule juu. Akirudi anakula, analala.

"Anaingia kila wiki," alisema. "Mimi nafika kwenye kizuizi, narudi. Bazungu banaingia. Hata mutoto wa muzungu anaingia. Nilimwambia Théodore, uende uangalie kama pale penye Nyota analala panajulikana bado. Ananyamaza. Nikimuuliza sana, anatoka nje."

Nyota ndiye binti aliyezikwa huko. Homa ilimchukua akiwa bado ananyonya.

Ndipo nilipoelewa. Théodore hapiti njia ile kwa sababu akipita itabidi aone, na akiona itabidi amwambie mama yake alichokiona.

Niliposimama kuaga, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Maman, kuna siku kikundi kinapungua. Nafasi ya sita inabaki wazi. Nitauliza."

Aliinua macho kwa mara ya kwanza. Sasa najuta na sijuti.

18 Oktoba

Nimeuliza. Papa Gaston alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Emérence, sheria haimukatazi. Citoyen yeyote akikata tikiti anaingia. Lakini fikiri. Watasema Gaston anarudisha Batwa msituni. Autorisation yangu, kibali cha kupeleka wageni, wataiweka kwenye mufuko, na mimi na weye tutarudi kufundisha bahari na milima ubaoni."

"Basi ni woga, Papa."

"Ndiyo, ni woga," akasema. "Sikufichi."

Afadhali angekasirika. Mtu akikiri woga wake kwa upole hivyo, huna pa kumshika.

20 Oktoba

Théodore amejua kwamba nilikwenda kwao. Leo hakuniita hata Citoyenne. Wakati wa kuagana alisema, "Tangu weye ukuye, mama anafua ile kikwembe yake ya muzuri, anaianika, anaikunja. Kila siku. Umemutia matumaini. Sasa mi nifanye nini nayo?"

23 Oktoba

Mvua ya mawe. Mgomba wa jirani umeanguka juu ya choo chetu.

30 Oktoba

Masista wa shule yangu ya zamani wamenitumia ujumbe: mwalimu wa darasa la tano anaolewa, wananitaka Januari. Agnès amefurahi kama ameitwa yeye. Sijajibu. Nimetembea kutoka Bagira mpaka mjini na kurudi, bila shughuli yoyote.

10 Novemba

Naandika na mkono unaouma. Lazima niandike yote leo.

Wiki iliyopita mkubwa mmoja kutoka Kinshasa alituma mtu: anataka kuja na wageni wake kuona gorila. Si watu sita. Kumi na mmoja. Papa Gaston alijaribu kuwagawa, leo hawa na kesho wale. Yule mtu akamuuliza kama anataka kumwambia mkubwa apange foleni. Papa Gaston akakubali. Kwa siku mbili hakunitazama usoni.

Asubuhi wakafika, wanaume na abacost zao, suti zile zisizo na tai, zenye alama ya chama kifuani, wanawake na viatu vya mjini. Mmoja alikuwa anakohoa, kikohozi kile cha kifuani. Nilimvuta Papa Gaston kando. Akasema, "Nimesikia. Nitamweka nyuma." Akaamua kupanda nasi mwenyewe, apate kuwachunga.

Théodore aliwahesabu kwa macho, akasema, "Patron, hii iko batu mingi."

"Twende tu, Théodore."

Tukaenda. Walicheka, waliitana, walivunja matawi. Mvua ya usiku ilikuwa imefanya ardhi iwe sabuni. Tuliwakuta gorila kwenye mteremko mkali, juu ya korongo. Théodore aliinua mkono tusimame. Sita wangesimama. Kumi na mmoja waliendelea kusukumana mbele kila mmoja apate kuona, na yule mwenye kikohozi akashikwa na kikohozi.

Dume alisimama. Nimewahi kumwona akikimbilia watu kidogo ili kuwatisha, na najua la kufanya: unainama, unatazama chini, humpi mgongo. Niliwaambia, nilisema kwa Kifaransa na kwa Lingala. Lakini alipopiga kelele ile inayoingia mpaka tumboni, wote waligeuka na kukimbia. Théodore alibaki peke yake mbele, ameinama, panga ameliweka chini. Dume alifika karibu yake kiasi cha mkono, akang'oa mwanzi, akautupa, akarudi kwa wake zake. Théodore hakusogea.

Nyuma yetu nikasikia mtu akianguka. Papa Gaston alikuwa amesimama ukingoni kuwazuia wasiteremke, nao walimpita kama maji. Tulimkuta chini ya korongo, mguu umepinda mahali pasipo na goti. Uso wake ulikuwa wa majivu. Alisema tu, "Wageni wako wazima?"

Walikuwa wazima. Walikuwa wameshafika mbali, wanateremka kwa njia tuliyojia, mlinzi wa msitu aliyepanda nasi akiwafuata.

Tulikata mianzi miwili, tukafunga koti langu na la Théodore, tukamlaza. Mvua ilianza tena, nzito. Théodore alishika mbele, mimi nyuma. Njia ya juu, ile ya kuzunguka, ingetuchukua mpaka giza, na Papa Gaston alikuwa ameanza kutetemeka na kusema maneno yasiyofuatana. Théodore alisimama mahali njia zinapoachana. Nilimwona mgongo tu. Maji yalikuwa yanamtiririka shingoni. Kisha akashika ile ya chini.

Tulivuka kijito, maji mpaka magotini. Upande wa pili pana uwanda mdogo, miti yake si mirefu kama mingine, na majani ya chini ni laini. Mtu yeyote angejua kwamba palikuwa pamefyekwa zamani. Théodore alipita katikati akitazama mbele tu, kama mtu anayepita kwenye kundi la watu wanaomdai salamu.

Papa Gaston alifungua macho. "Tuko wapi hapa?"

"Kwetu," Théodore akajibu.

Papa Gaston alimtazama kwa chini, kisogo chake kile kilicholowa, muda mrefu. Kisha alifumba macho, na machozi au mvua ikamshuka masikioni. Tulifika barabarani kukiwa bado na mwanga.

13 Novemba

Mfupa umevunjika mara mbili. Wamemfunga plasta mpaka pajani. Yule mkubwa amerudi Kinshasa, hakumjulia hali.

17 Novemba

Papa Gaston ametuita nyumbani kwake, mimi na Théodore. Alikuwa kitandani.

"Théodore," alisema, "Emérence aliniomba nafasi kwa ajili ya mama yako, nikakataa. Aende. Mimi nitalipa."

Théodore alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia mkononi. "Patron, nakushukuru. Lakini sitaki zawadi. Mama yangu haiko pourboire ya kutupia mutu mukononi."

Papa Gaston akajiinua kwa kiwiko. "Unataka nini basi?"

"Nitakata tikiti yake mimi, na mushahara yangu. Anaingia kama citoyenne. Jina yake inaandikwa pamoja na ya wengine. Na wakikuuliza, unasema: ni client, alilipa kama bengine."

"Nitasema hivyo," Papa Gaston akasema.

Nje, Théodore aliniuliza kama nina njaa. Tulikula ndizi za kuchoma kando ya barabara. Ni mara ya kwanza tumekula pamoja pasipo kazi.

24 Novemba

Sikukuu ya Serikali. Nyimbo za chama tangu asubuhi. Nimekaa ndani.

27 Novemba

Ilikuwa iwe leo.

Kikundi kilikuwa cha watu watano, na nafasi ya sita ilikuwa ya Maman Nsimire. Alifika kituoni kabla yetu, amevaa kile kikwembe chake, kitenge cha rangi ya machungwa, miguu imepakwa mafuta. Wageni walimsalimu. Mlinzi wa zamu alisoma jina lake, akamtazama, akasema, "Karibu, maman."

Kisha Maman Nsimire akakohoa.

Nilidhani ni moshi wa jikoni. Akakohoa tena, kwa kujificha, mdomo ndani ya kikwembe. Nikamgusa shingoni: moto. Wageni watano walikuwa wananitazama. Wote nilikuwa nimewaambia ile sheria dakika chache kabla.

Nilitaka kutosikia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilifikiri: gorila wako mbali leo, tutapita upande mwingine, nani atajua? Miaka yote hii amengoja, leo mimi ndiye nimrudishe kizuizini kama wengine walivyomrudisha? Lakini wiki mbili tu zilizopita nilikuwa nimemvuta Papa Gaston kando amzuie mgeni wa mkubwa mwenye kikohozi.

Nilipiga magoti mbele yake kwenye matope. "Maman, una homa. Leo hupandi. Wale nyama kule, kikohozi hiki kinawaua."

Akashusha kikwembe mdomoni. "Na bazungu wakikohoa?"

"Wanabaki, Maman."

"Kweli?"

"Safari moja hatukumzuia mgeni mmoja wa mkubwa kutoka Kinshasa," nikasema. "Ndiyo ile Patron alivunjika mguu."

Akafungua kikwembe cha mabegani, akakikunja vizuri, kona kwa kona. "Nitangoja," akasema. Akakaa kwenye benchi ya kituo mpaka tuliporudi.

Sikumtazama Théodore siku nzima. Jioni yeye ndiye aliyenitafuta. Nilitegemea maneno makali. Akasema, "Dada, ulifanya vizuri. Iliniuma mingi. Lakini ulifanya vizuri."

Hakuwahi kuniita dada.

30 Novemba

Nimempelekea Maman Nsimire dawa. Bado homa. Kifua kinapiga filimbi. Agnès, bila mimi kumwomba, amenipa sweta lake la sufu nimpelekee.

4 Desemba

Mvua siku zote. Homa haijashuka. Naogopa kuamka.

8 Desemba

Amekunywa uji bakuli zima. Ameniuliza kama nafasi yake wameiuza.

15 Desemba

Amepanda.

Hali ya hewa ilikuwa wazi asubuhi, Kahuzi yote ilionekana mpaka kichwani. Wageni watano: wanafunzi watatu wa Ubelgiji, na mwalimu na mkewe kutoka Bujumbura. Niliwaeleza wazi kwamba leo kabla ya gorila tutapita nyumbani kwa mtu. Nilisema hivyo hivyo. Mmoja aliuliza nyumba gani. Nikawaambia watu walikuwa wakiishi huku, walitolewa, na huyu ni mmoja wao.

Nilidhani tutambeba. Lakini alipoingia chini ya miti alianza kwenda mbele yetu sote, sweta la Agnès likimning'inia mpaka magotini. Théodore alimfuata nyuma na panga, wala hakulitumia. Mara mbili alimwambia, "Maman, polepole." Hakusikia.

Kwenye kijito alivua viatu vya plastiki, akanywa kwa kiganja, akavuka.

Uwandani alisimama. Niliona anatafuta. Alitembea akigusa ardhi kwa wayo: hapa, akasema, mlango, hapa, mafiga. Kweli jiwe moja lilikuwepo, limeota kuvu. Hapa, akasema kwa Théodore, nilikuzalia, mvua kama hii. Kisha akaelekea ukingoni, penye mti aliokuwa ameuweka moyoni, na mti haukuwepo. Ulikuwa umeanguka na kuoza, kimebaki kisiki chenye majani. Mahali pote palikuwa pamelaliwa. Vitanda vya gorila, kikubwa kimoja na vidogo pembeni, mianzi na matawi yamekunjwa vizuri kama viota. Mavi yalikuwa bado mabichi. Walilala pale usiku huo huo.

Théodore akaweka mkono mdomoni. Nilijua hilo ndilo aliloliogopa miaka yote: kwamba atakuta hakuna alama, kwamba wanyama wamelala juu ya dada yake.

Maman Nsimire aliinama, akaweka kiganja kwenye kitanda kimoja kidogo, karibu kabisa na kisiki. Alikaa hivyo. Tulisikia mvua ikija kwa mbali juu ya majani kabla haijatufikia.

"Bamelala hapa," alisema.

"Ndiyo, Maman," Théodore akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Na batoto babo."

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi Nyota hakulala peke yake."

Kisha akaketi kando ya kisiki, akanyoosha miguu, akaanza kuzungumza kwa Kishi, lugha ya kwao, chini kwa chini, kama mtu anayesimulia habari za nyumbani: nani ameoa, nani amekufa. Jina la Théodore lilitajwa mara nyingi. Mvua ikatufikia. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameinua kamera. Akaishusha mwenyewe, akaiingiza ndani ya koti.

Tulingoja. Muda wa gorila ukawa unapita. Niliwaambia wageni kwa sauti ya chini kwamba tukikaa zaidi hatutawaona. Mke wa mwalimu aliketi kwenye majani yaliyolowa, wengine nao wakaketi. Hilo ndilo lilikuwa jibu lao.

Mwishowe Théodore alimwendea. "Maman, tushuke. Kituo kitafungwa."

"Muende. Mi niko nyumbani."

Alisema bila hasira, na nilishikwa na hofu kwa sababu alilisema kama jambo la kweli tu. Théodore hakubishana. Aliketi karibu yake, bega kwa bega, akaweka panga kando. Mvua ikawapiga wote wawili. Kisha akamwambia kitu sikioni. Sikukisikia, na sijamuuliza. Mama alicheka kidogo, akamshika bega, akajiinua huku akiyalaumu magoti.

Gorila hatukuwaona. Kila mgeni alimpa mkono kituoni.

18 Desemba

Papa Gaston ameitwa aeleze. Alikwenda na magongo yake. Aliporudi shati lilikuwa limelowa jasho.

"Waliuliza tu: ule mama ni nani. Nikasema, client wetu, alikata tikiti. Wakaangalia, wakakuta ni kweli."

"Na baadaye?"

"Wakanyamaza. Na mimi nikanyamaza. Nikatoka." Alikaa, akacheka peke yake. "Emérence, miguu ilikuwa inatetemeka, hata huu wa plasta."

20 Desemba

Nimewajibu masista. Nimesema hapana, na asante. Agnès amesonga bugali kwa nguvu kuliko inavyohitajika, lakini amenipakulia kwanza.

22 Desemba

Asubuhi nilifika biro nimelowa. Papa Gaston alikuwa ameshafika, mguu wake juu ya kigoda, anatazama dirishani. Nikatazama anapotazama.

Ng'ambo ya barabara, chini ya kibaraza cha duka lililofungwa, walikuwa wamesimama wanawake. Wazee wote, wafupi, wamejifunika vikwembe vyao vya sikukuu, matope mpaka magotini. Walikuwa wameanza kutembea kutoka chini ya mlima pengine kabla ya jogoo. Mbele yao alikuwa Maman Nsimire na sweta lake. Watu waliokwenda kazini walipita wakiwatazama. Wao hawakumtazama mtu. Walikuwa wanaangalia mlango wetu.

"Wanataka nini?" Papa Gaston aliuliza, ingawa alijua.

"Kila mmoja ana mtu wake aliyezikwa kule, Papa."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Nilimwona akifikiri yote: autorisation, wakubwa, plasta yake. Nami sikumsaidia. Kisha akachukua magongo, akajivuta mpaka mlangoni, akaufungua wazi. Mvua ikaingia mpaka kwenye ramani.

"Bamaman," aliita kwa sauti ya mwalimu, "muingie. Mutalowa."

Wakavuka barabara mmoja mmoja. Nilitoa viti vyote tulivyokuwa navyo, na havikutosha.